Habari ya Namba Tasa Kubwa: 2147483647

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twataka kuzungumza habari ya namba moja tu. Namba yenyewe ni 2147483647. Mtu aitazamapo mara ya kwanza huona tarakimu kumi zilizopangwa bila maana, kama hesabu ya deni la mfalme wa hadithi. Walakini namba hii ina historia ndefu. Ilitafutwa na wenye elimu wa nchi nyingi; ilithibitishwa na mzee aliyekuwa karibu kuwa kipofu; kisha ikasemwa kwamba namba za jinsi yake hazina faida yo yote; na leo imo ndani ya mitambo ya ulimwengu mzima, hata ile itumikayo vijijini kwetu.

Tutaisimulia habari hii hatua kwa hatua. Kila mahali panapowezekana tutampa msomaji hesabu ya kujaribu mwenyewe kwa kalamu na karatasi, kwa maana katika elimu hii neno haliaminiwi kwa sababu aliyelisema ni mtu mkubwa. Huaminiwa kwa sababu limethibitishwa.

Kwanza sharti tujue namba tasa ni nini. Tuseme mfugaji mmoja wa Gulwe, katika wilaya ya Mpwapwa, ana mbuzi 24, naye ataka kuwagawia wanawe sawasawa. Wana wakiwa 2, kila mmoja atapata mbuzi 12. Wakiwa 3, kila mmoja atapata 8. Wakiwa 4 watapata 6, na wakiwa 6 watapata 4. Hapana ugomvi nyumbani. Lakini usiku fisi akija akamla mbuzi mmoja, wakabaki 23, mambo hugeuka. Gawanya kwa 2, anabaki mbuzi 1. Gawanya kwa 3, wanabaki 2. Gawanya kwa 4, wanabaki 3. Kwa 5, wanabaki 3 vilevile. Hata ufanyeje, mgawo haupatikani, ila mwana mmoja awachukue wote, au wana wawe 23 na kila mmoja apate mbuzi mmoja.

Basi namba kama 23, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa namba yenyewe, huitwa namba tasa. Namba tasa za mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29 na 31. Namba 1 haihesabiwi pamoja nazo. Tasa maana yake ni asiyezaa, na kwa kweli jina hili lina ajabu yake, kwani namba hizi ndizo zinazozaa nyingine zote. Chukua 24: ni 2 mara 2 mara 2 mara 3. Chukua 100: ni 2 mara 2 mara 5 mara 5. Kila namba iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, imejengwa kwa namba tasa zilizozidishwa pamoja, tena kwa njia moja tu. Ndiyo sababu wenye elimu hawakuchoka kuzitafuta.

Je, binadamu walianza lini kuzitambua namba hizi? Swali hili latupeleka mahali palipo katika bara letu wenyewe. Msafiri akipanda gari la moshi Gulwe kuelekea magharibi, akapita Dodoma na Tabora mpaka Kigoma, kisha akashika njia ya kaskazini kupita Burundi na Rwanda, atafika nchi ya Ziwa Edward, mpakani mwa Congo na Uganda. Mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa hilo panaitwa Ishango. Hapo mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, mwaka 1950 alifukua mfupa mdogo, urefu wake kama sentimita 10, wenye kijiwe kigumu kilichopachikwa nchani. Umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 20,000, nao umewekwa katika nyumba ya makumbusho mjini Brussels.

Mfupa huo una mikato mingi iliyochanjwa kwa makundi katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19. Msomaji atazame tena orodha yetu ya namba tasa: hizo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Safu ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Kwa sababu ya ile safu ya kwanza watu wengine wamesema kwamba wakazi wa kale wa Ishango walizijua namba tasa. Wengine wamesema kwamba mfupa huo ulikuwa kalenda ya kuhesabu siku za mwezi.

Hapa yafaa tujihadhari, na mfupa wenyewe utatufundisha hadhari. Jumla ya safu mbili za kwanza ni 60 na 60. Jumla ya safu ya tatu ni 48. Mikato yote pamoja ni 168. Sasa, mtu akihesabu namba tasa zote zilizo chini ya 1000, atakuta kwamba ni 168 kamili! Je, tuseme kwamba mvuvi wa Ishango alikwisha kuzihesabu zote? La, hatuwezi kusema hivyo. Mambo mawili yaweza kulingana kwa bahati tu, kama watu wawili wasio ndugu wanavyoweza kufanana sura. Yakini ya mfupa ule ni kwamba watu wa kale wa Afrika walihesabu, wakaandika hesabu yao, nayo imedumu hata leo. Kwamba walizijua namba tasa ni dhana. Tofauti hii baina ya dhana na yakini ndiyo itakayotuongoza katika habari yote inayofuata.

Mtu wa kwanza ambaye maandiko yake yametufikia, aliyetoa yakini juu ya namba tasa, ni Euclid, Myunani aliyefundisha katika mji wa Alexandria huko Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Yeye alithibitisha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake ni fupi, na mwanafunzi aweza kuielewa. Tuseme mtu adai kwamba namba tasa zote duniani ni 2, 3 na 5 tu. Tutazizidisha pamoja, tupate 30, kisha tutaongeza 1, tupate 31. Namba 31 haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, kwani kila mara itabaki 1. Basi lazima iko namba tasa nyingine isiyo katika orodha yake. Akiongeza mpaka 13, tutazidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, tupate 30030, na tukiongeza 1 tutapata 30031. Hii si tasa, kwani ni 59 mara 509. Lakini 59 na 509 zote mbili ni tasa, wala hazimo katika orodha yake. Hata aandike orodha ndefu namna gani, hoja ileile itamshinda.

Baada ya Euclid alikuja Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika nchi ya Libya, aliyefanya kazi Alexandria pia. Yeye alibuni njia ya kuzipata namba tasa kama mtu achekechavyo unga. Andika namba zote toka 2 hata 100. Acha 2, ufute kila namba inayogawanyika kwa 2. Acha 3, ufute kila inayogawanyika kwa 3. Fanya hivyo kwa 5 na kwa 7. Zitakazobaki katika chekeche ni namba tasa 25. Wala huna haja ya kuendelea kupita 7, kwani namba isiyozidi 100 ikigawanyika mafungu mawili, moja katika mafungu hayo haliwezi kuzidi 10, na 10 mara 10 ni 100.

Sasa tuirudie namba yetu kubwa, tuone imetoka wapi. Twaomba msomaji alifikirie bao la Kiswahili, lenye safu 4 za mashimo 8, yaani mashimo 32. Tia punje 1 ya mtama katika shimo la kwanza, punje 2 katika la pili, 4 katika la tatu, 8 katika la nne, na kila shimo lizidi mara mbili kuliko lililotangulia. Endelea hivi mpaka shimo la 31, na shimo la mwisho uliache tupu. Jumla ya punje zote itakuwa 2147483647 kamili. Wenye hesabu huandika kwamba ni 2 iliyozidishwa kwa 2 mara nyingi, hata zikawa 2 thelathini na moja, kisha ikatolewa 1. Kama punje 1000 za mtama zina uzito wa gramu 30, mtama huo utapita kilo 64,000, yaani magunia 644 ya kilo mia mia. Na mtu akizihesabu punje moja moja kila sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka 68.

Na ajabu yenyewe ni hii: punje zile zote haziwezi kugawanywa sawasawa. Leta watu wawili, au kumi, au kijiji kizima cha Gulwe, au taifa zima. Kila mara zitabaki punje ambazo hazimtoshi kila mtu, kama mbuzi wale 23.

Euclid aliyatazama sana mafungu ya namna hii. Alikuta kwamba 1 na 2 ni 3, nayo ni tasa. 1 na 2 na 4 ni 7, nayo ni tasa. Lakini ukiongeza 8 utapata 15, nayo si tasa. Ukiongeza 16 utapata 31, tasa tena. Tena alithibitisha kwamba kila jumla ya jinsi hiyo iliyo tasa, ukiizidisha kwa fungu la mwisho, hutoa namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake. 3 mara 2 ni 6, na 6 ni 1 na 2 na 3. 7 mara 4 ni 28, na 28 ni 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Wayunani walizijua namba kamilifu nne: 6, 28, 496 na 8128. Kwa hiyo kila aliyetaka namba kamilifu iliyo kubwa zaidi, sharti kwanza atafute tasa ya namna ya bao letu.

Hapo ndipo wengi walipokosea. Mtaliana mmoja, Pietro Antonio Cataldi wa mji wa Bologna, alitoa kitabu mwaka 1603. Alionyesha kwa kugawanya kwa subira kwamba mashimo 17 hutoa 131071, na mashimo 19 hutoa 524287, na kwamba zote mbili ni tasa. Hayo yalikuwa kweli. Lakini akaendelea kusema kwamba mashimo 23, 29, 31 na 37 nayo hutoa tasa, na hakuwa na uthibitisho. Katika madai hayo manne, moja tu lilikuwa sahihi, lile la 31.

Kisha mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliyeandikiana barua na wenye elimu wa Ulaya nzima, alichapisha orodha yake. Alisema kwamba kati ya mashimo yasiyozidi 257, yanayotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257, basi. Mersenne alikuwa mtu wa heshima kubwa, na orodha yake ikarudiwa vitabuni. Mpaka leo namba tasa za jinsi hii huitwa kwa jina lake. Walakini orodha ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa. Kazi ya kuisahihisha yote ilikwisha mwaka 1947, mwaka uleule ambao mashamba makubwa ya karanga yalianza kulimwa Kongwa, si mbali na Gulwe. Kwa hiyo neno la mtu mmoja mwenye heshima lilichukua miaka 303 kupimwa lote.

Na ile 31 je? Mersenne na Cataldi wote wawili waliitaja, na wote wawili hawakuithibitisha. Tufikirie ugumu wa kazi yenyewe. Kwa njia ya Eratosthenes, sharti mtu aigawanye 2147483647 kwa kila namba tasa isiyopita 46340, kwani 46341 ikizidishwa kwa yenyewe hupita namba yetu. Namba tasa hizo ni 4792. Ni migawanyo 4792 mirefu, na kosa moja katikati laweza kuharibu kazi yote.

Aliyeikata njia ni Leonhard Euler. Alizaliwa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1707, akafanya kazi Saint Petersburg katika Urusi, kisha Berlin, kisha akarudi Saint Petersburg mwaka 1766. Jicho lake la kulia lilikuwa limeharibika tangu ujana wake, na baada ya kurudi Urusi la kushoto nalo likaingia mtoto wa jicho, hata akawa karibu kipofu kabisa. Hakuacha kazi. Alifanya hesabu kichwani, na wasaidizi wake wakaandika. Katika hali hiyo, habari ya namba yetu ilitolewa mwaka 1772, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Bernoulli.

Euler hakuanza kwa kugawanya. Alianza kwa kuuliza: ni namba za namna gani ziwezazo kuigawanya? Mfaransa Pierre de Fermat alikwisha kuonyesha mnamo 1640 kwamba vigawo vya namba za jinsi hii hufuata sheria. Tuchukue mfano mdogo. Mashimo 11 ya bao hutoa 2047, na 2047 ni 23 mara 89. Sasa chukua 11 mara 2, upate 22. Gawanya 23 kwa 22, inabaki 1. Gawanya 89 kwa 22, inabaki 1 vilevile. Si bahati kama ile 168 ya Ishango. Hii ni sheria iliyothibitishwa. Kwa sheria hiyo Fermat aliangusha dai la Cataldi juu ya 23: mara mbili ya 23 ni 46, ukiongeza 1 ni 47, na kweli 47 huigawanya namba ile, 8388607, bila baki. Euler mwenyewe aliangusha lile la 29, na kweli 233 huigawanya namba yake.

Kwa 31, sheria ya Fermat yasema kwamba kigawo cho chote kilicho tasa kikigawanywa kwa 62 sharti kisaze 1. Euler aliongeza sheria ya pili: kikigawanywa kwa 8 sharti kisaze 1 au 7. Ukiziunganisha sheria hizi mbili utapata kwamba kigawo kikigawanywa kwa 248 sharti kisaze 1 au 63. Namba za namna hiyo zilizo kubwa kuliko 63 na zisizopita 46340 ni 372 tu, nazo nyingi si tasa, kwa hiyo hazihitaji kujaribiwa.

Tuzitazame za mwanzo, ili msomaji aone jinsi kazi ilivyopungua: 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1055, 1241, 1303. Katika hizo kumi, tasa ni mbili tu, 311 na 1303. Gawanya 2147483647 kwa 311, zinabaki 35. Gawanya kwa 1303, zinabaki 226. Ukiendelea hivi mpaka mwisho, utakuwa umegawanya mara zisizofika mia, na kila mara kitabaki kitu. Hapo neno limekwisha: 2147483647 ni tasa. Halikuwa tena dai la Cataldi wala la Mersenne, likawa yakini. Na namba kamilifu izaliwayo nayo, ambayo ni ya nane katika safu ya namba kamilifu, ni 2305843008139952128.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 70 hapakupatikana namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake kwamba yamkini namba kamilifu hiyo ndiyo itakayokuwa kubwa ya mwisho kugunduliwa, kwani namba hizi ni za kustaajabiwa tu, wala hazina faida, kwa hiyo hapana mtu atakayejisumbua kuipita. Maneno haya yalionekana kuwa ya busara. Yalikuwa na makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba watu hawatajisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alibuni njia mpya ya kuijaribu namba bila kutafuta vigawo vyake, akaonyesha kwamba mashimo 127 hutoa tasa. Namba hiyo ina tarakimu 39, nayo ni 170141183460469231731687303715884105727. Kwa njia yake alionyesha pia kwamba 67 ya Mersenne haitoi tasa, ingawa hakuna aliyejua vigawo vyake. Vigawo vyenyewe vilipatikana mwaka 1903 na Mmarekani, Frank Nelson Cole: namba 147573952589676412927 ni 193707721 mara 761838257287. Yasimuliwa kwamba kazi hiyo ilimchukua siku za Jumapili za miaka mitatu. Baadaye mitambo ya hesabu ikashika kazi hii tangu mwaka 1952, na mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwa tarakimu 2500 kila ukurasa, itajaza kurasa zaidi ya 16,000.

Kosa la pili ni kusema kwamba hazina faida. Msomaji aikumbuke kazi ya Cole. Kuzizidisha zile namba zake mbili ni kazi ya saa moja kwa mwanafunzi mwangalifu; kuzitenganisha kulimshughulisha mtu mzima kwa miaka. Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walifanya kufuli kwa tofauti hiyo. Namba tasa mbili kubwa sana huzidishwa pamoja. Zao lake hutangazwa kwa watu wote, na mtu ye yote aweza kulitumia kufunga barua ya siri. Lakini kufungua barua kwahitaji zile tasa mbili, nazo mwenyewe huzificha. Kufuli za namna hii zimetumika sana kulinda siri za benki na za watu katika intaneti.

Na namba ya Euler yenyewe imeingia katika mitambo kwa mlango mwingine. Kompyuta huhesabu kwa kitu kama bao lile letu. Kila shimo lina kete moja au ni tupu, na thamani ya kila shimo ni mara mbili ya lililotangulia. Mitambo mingi ilijengwa kuhesabu kwa mashimo 32. Shimo moja huachwa kwa alama, kuonyesha kama namba ni akiba au ni deni, na 31 hubaki kwa kuhesabu. Kwa hiyo namba kubwa ya mwisho inayoweza kukaa humo ni 2147483647. Ukiongeza 1, shimo la alama hujazwa, na mtambo hudhani akiba imegeuka deni.

Jambo hili si mchezo. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za Greenwich. Sekunde zitafika 2147483647 tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, wakati watu wa Gulwe wanapofungulia mifugo. Sekunde ifuatayo, mitambo ya kizamani isiyotengenezwa itaona kwamba ni mwezi wa Desemba 1901. Mitambo mipya imekwisha kupewa mashimo 64, ambayo hayatajaa kwa muda tusioweza hata kuufikiri; lakini ile ya zamani yapasa kutafutwa na kutengenezwa kabla ya asubuhi hiyo.

Basi tukusanye yote kwa maneno machache. Cataldi na Mersenne walisema kweli juu ya 31, lakini kweli yao haikuwa na mguu wa kusimamia, nayo ilikaa pamoja na makosa yao bila mtu kuweza kutambua ipi ni ipi. Euler, aliyeona kwa shida, alitoa njia ambayo kila mwenye kalamu aweza kuifuata mpaka mwisho akakuta jibu lilelile, Saint Petersburg au Gulwe. Ndiyo maana namba ile haikuhitaji kusahihishwa tena. Barlow naye atufundisha tusiwe wepesi kusema kwamba elimu fulani haina faida, eti kwa kuwa faida yake haijaonekana machoni petu.

Kabla ya kuagana, twawaachia wanafunzi kazi tatu. Ya kwanza: chekecheni namba toka 2 hata 100, mhakikishe kwamba tasa ni 25. Ya pili: thibitisheni kwamba 23 mara 89 ni 2047, kisha mtafute kama mashimo 13 ya bao, yanayotoa 8191, yana kigawo, mtakumbuka kwamba kigawo kikigawanywa kwa 26 sharti kisaze 1, na kwamba hamna haja ya kupita 90. Ya tatu ni kwa wenye subira: igawanyeni 2147483647 kwa 311, mwone kama kweli zinabaki 35. Msituamini sisi kwa kuwa tumesema, fanyeni hesabu.

Kwaherini.